Tofali la Vifungo Vinne

Karani alikuja na chaki yake asubuhi, mimi niko mlangoni nafunga kamba za viatu vya kazi. Hakupiga hodi. Aliifuta kwa kiganja ile nne iliyoandikwa juu ya mlango wetu, akapuliza vumbi, akaandika tatu. Kisha akarudi nyuma hatua kidogo kuitazama, kama mtu aliyechora picha ya kuuza.

"Ndiyo nini hiyo?" nikamuuliza.

"Hesabu mpya, fundi. Pole lakini."

Hiyo "pole lakini" ndiyo iliyonichoma. Mtu anakupa pole mkono wa kulia, wa kushoto unakufutia mkeo mlangoni.

Katika nyumba hizi za kiwanda, namba iliyo juu ya mlango si ya nyumba. Ni ya vichwa. Vichwa vinne, vyumba viwili. Vitatu kushuka chini, chumba kimoja, na ndani ya chumba kimoja wanaruhusiwa mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wake, basi. Mama mkwe haruhusiwi humo. Hata awe ndiye anayepika, ndiye anayeamka wa kwanza, ndiye anayejua chumvi iko wapi, kwao ni mgeni. Waliotunga sheria hiyo wanaishi kwenye nyumba ambazo hata gari lina chumba chake.

Nilikwenda kwa meneja na mavumbi yangu ya saruji, sikunawa makusudi. Alinikaribisha kwa mkono, jicho liko kwenye simu.

"Fundi, mimi sikufukuzi. Nakupunguzia tu."

"Unanipunguzia nini, bosi?"

"Nafasi usiyoihitaji. Watu watatu, vyumba viwili, na wapo vijana wenye familia wanapanga foleni. Yule mama si ana mtoto wa kiume? Aende kwa mwanawe."

"Mke wa mwanawe hamtaki. Alishamtolea vyombo nje mara moja."

"Hayo ni ya kwenu."

"Na binti yangu je? Akiondoka bibi yake atabaki na nani? Mimi natoka alfajiri, narudi giza. Itabidi amfuate huko."

"Na hayo pia ni ya kwenu."

Nikamwambia, mke wangu hata nguo zake hazijagawiwa bado. Akaweka simu chini, akanitazama kwa huruma ile wanayofundishwa wakubwa. "Fundi, asiyekuwapo na lake halipo. Wahenga wamesema hivyo, si mimi. Ijumaa napita mwenyewe na karani. Nikikuta watatu, Jumatatu mnahama."

Niliinamisha kichwa, si kwa heshima. Nilikuwa naitazama sakafu ya ofisi yake. Niliiweka mimi, kigae kwa kigae, na mabaki yake ndiyo niliyopewa nikaenda kuwekea sebule yangu. Vigae vyeupe vya mraba, vyenye mistari myembamba ya kijivu. Mtu anaweza kukaa juu ya kazi yako miaka na asijue kuwa amekukalia.

Sakafu ile ya sebuleni ndiyo iliyoleta mchezo.

Binti yetu alirudi nao kutoka shuleni, mama yake akiwa bado hai. Mwalimu wao wa hesabu aliwaeleza kwamba wapo wataalamu wa kompyuta wanaochora vijumba kama karatasi ya hesabu, wanaviwekea sheria ndogo, kisha wanaviacha viishi na kufa vyenyewe. Wanakaa wanatazama maumbo gani yatasimama na yapi yatasambaratika. Nikasema hao watu wana raha, mshahara wanapata wapi? Lakini mke wangu alisimamisha cherehani. Alikuwa akishonea watu nguo pale dirishani, na kopo lake la vifungo lilikuwa zito kama kopo la misumari yangu.

"Sisi kompyuta hatuna," akasema, "ila sakafu tunayo. Hebu nioneshe."

Sheria zenyewe hata mimi wa darasa la nne nilizielewa. Kila kigae kina majirani wanane: wanne ubavuni, wanne kwenye kona. Kifungo chenye majirani wawili au watatu kinabaki. Chenye mmoja, au kisicho na jirani kabisa, kinakufa. Chenye wanne na kuendelea kinakufa pia. Na kigae kitupu kilichozungukwa na vifungo vitatu kamili, pale kinazaliwa kipya.

"Kumbe ni sisi hawa," mke wangu akacheka. "Ukikosa majirani unakufa kwa upweke, ukizidisha majirani unakufa kwa umbeya!"

Mimi nilikuwa naharibu. Walinipa vifungo vitatu vilivyopangwa mstari mmoja, wakaniambia haya, fanya. Nikatazama cha mwisho: kina jirani mmoja, kimekufa, nikakitoa. Nikaja kwa cha katikati: sasa naye kabaki na mmoja, kafa, nikatoa. Cha tatu hana mtu, nikatoa. Sakafu nyeupe.

"Umemaliza ukoo mzima, fundi!" mke wangu akanipiga mkono. "Rudisha. Usiondoe bado. Hesabu wote kwanza, halafu ndipo uguse. Yule wa katikati wakati unamhesabu alikuwa bado ana watu wake wawili."

Na kweli, ukihesabu wote kwanza, wa pembeni wanaondoka, wa katikati anabaki, na wengine wawili wanazaliwa juu yake na chini yake. Mstari uliolala unasimama. Ukihesabu tena, unalala. Milele na milele, kama mtu anayegeukageuka kitandani. Ulikuwa hai muda wote. Mimi ndiye niliyekuwa nauua kwa haraka zangu za kufagia.

Yapo maumbo ambayo hayatikisiki kabisa. Binti aliyaita maumbo tulivu. Lipo moja la vifungo sita kama tundu la nyuki, lipo jingine la vitano kama mtumbwi. Lakini mke wangu alipenda lile dogo kuliko yote: vifungo vinne, viwili juu na viwili chini, vimebanana. Kila mmoja ana majirani watatu, hafi. Na nje yao hakuna kigae kinachofikia majirani watatu, kwa hiyo hazaliwi mwingine. Unahesabu, unahesabu tena, liko vilevile. Mwalimu aliliita tofali.

"Hili ni sisi," akasema mke wangu, akalipanga upya kwa vifungo vya kuchagua. Yeye kile kikubwa chekundu cha koti. Mama yake cheusi chenye matundu manne. Binti cha kijani cha blauzi. Mimi cha ovaroli, cha chuma, kimepata kutu pembeni.

"Mbona mimi nina kutu?" nikalalamika.

"Kutu ni yako, kifungo hakina kosa," akajibu mama mkwe toka jikoni. Mama mkwe wangu hajawahi kukosa la kunijibu tangu siku ya posa.

Lile tofali lilikaa chini ya cherehani. Tulifagia kwa kulizunguka.

Mke wangu alikuwa na pumu. Siku ilipomkamata vibaya ilikuwa adhuhuri, jua kali, vumbi la pamba limetanda kutoka kiwandani kama kawaida yake, maana vichungio vya hewa vinangoja kununuliwa tangu nikiwa na nywele nyeusi. Nikaita teksi. Teksi ikaja geti la nyuma, maana ndilo lililo karibu nasi. Geti limefungwa. Meneja alikuwa ametoa amri lifungwe kwa sababu mabomba yalikuwa yanaibwa, na ufunguo ukakaa kwenye droo yake, na yeye mwenyewe yuko mkutanoni mjini.

Mlinzi alikuwa pale. Na nondo ilikuwa pale, ndani ya kibanda chake, imeegemea ukuta. Nilimwambia vunja. Akatazama kufuli, akanitazama mimi, akatazama kufuli.

"Fundi, nitafukuzwa. Tumzungushe geti la mbele. Namshika upande huu."

Tukambeba juu ya kiti chake cha kushonea, mimi na yeye, tukauzunguka ukuta wote wa kiwanda, dereva naye analizungusha gari kwa nje. Alikuwa ameshika mkono wangu. Mbele ya ghala la pamba akauachia. Daktari alisema baadaye kwamba hata tungewahi, labda. Hiyo "labda" yake abaki nayo. Daktari hakuwepo kwenye geti.

Tangu siku hiyo watu wanamwita yule mlinzi Kufuli. Nani alilianzisha jina hilo sijui, ila sikulikataza. Na geti sasa liko wazi mchana kutwa. Mbuzi wanapita.

Jioni ile ya karani na chaki tulikuwa tunakula. Binti alimaliza, akasukuma sahani, akapiga magoti chini ya cherehani. Kile chekundu hakikuwepo. Mama mkwe alikuwa amekifunga kwenye pindo la nguo yake tangu mazishini, na hakuna aliyethubutu kumwomba. Vilibaki vitatu, na pengo kwenye kona.

"Baba, njoo uone."

"Sina moyo wa michezo, mwanangu."

"Njoo tu."

Nikachuchumaa. Akaonesha kwa kidole bila kugusa. Cha ovaroli kina majirani wawili, kinabaki. Cheusi kina wawili, kinabaki. Cha kijani wawili, kinabaki. "Sasa hesabu hicho kigae kitupu."

Nikahesabu. Watatu.

"Anazaliwa," akasema. Akachukua kutoka kwenye kopo kifungo cheupe cha shati, cha kawaida kabisa, akakiweka kwenye pengo. Tofali likarudi. "Ukitoa mmoja, wale watatu wanamrudisha. Lakini bibi naye akienda..." Akakiondoa cheupe, akakiondoa na cheusi. Vikabaki viwili vinatazamana, changu na chake. "Kila mmoja ana jirani mmoja tu. Wote wawili, pigo moja."

Hakuvigusa tena.

"Mchezo wako ni mwongo," nikamwambia. "Mimi mama yako namrudishaje? Kwa kuhesabu?"

"Hajasema mama yake," mama mkwe akaingilia. "Amesema wa nne. Mafiga ni matatu, chungu ndicho cha nne. Mkwe, sheria ya hawa jamaa inasema vichwa. Haisemi vya nani. Si wanaruhusu mfanyakazi asiye na chumba akae na familia?"

"Nani asiye na chumba?"

Akaanza kukusanya sahani, hanitazami. "Yule kijana wa getini. Analala kibandani na ndoo."

Nilisimama, kichwa kikagonga meza ya cherehani. "Kufuli? Mama, Kufuli? Yule aliyemuona mwanao anakata pumzi na nondo iko mgongoni kwake?"

"Ni mwanangu mimi niliyemzaa," akasema taratibu, "kwa hiyo usinifundishe nani alimuua. Ufunguo ulikuwa kwenye droo ya nani? Kijana yule alimbeba. Nilikuwa nyuma yenu, nilimuona analia huku anatembea. Wewe hukumuona kwa sababu ulikuwa unamtazama mkeo, na ndivyo inavyopasa. Sasa mimi nitakwenda kutupiwa vyombo vyangu uani na mke wa mwanangu, au nitabaki nimtazame mjukuu wangu akimaliza shule? Chagua, mkwe. Mimi ni mgeni tu humu, kwa mujibu wa chaki."

Nililala nimegeukia ukuta. Kesho yake nilikuwa na kazi ya kubadilisha kigae kilichopasuka kwenye zahanati ya kiwanda. Kazi hiyo ina adabu yake. Kigae kibovu unakianza katikati, unakipasua kidogokidogo ukija pembeni. Ukianzia pembeni, patasi inakula jirani, kesho unabadilisha viwili, keshokutwa vinne. Nikawa nagonga huku nawaza: hawa wakubwa kila siku wanaanzia pembeni. Anakufa mke, anaondolewa bibi, anamfuata mjukuu, anabaki mzee na chumba chake, halafu wanashangaa kwa nini mzee kaanza kunywa.

Jioni nikaenda kibandani.

"Hodi."

"Karibu fundi." Alishtuka mpaka kofia ikamdondoka. "Kiti hakuna, keti kwenye ndoo."

"Nimesimama vizuri."

Nondo ilikuwa palepale. Aliona naitazama.

"Ipo," akasema. "Kila ukipita unaitazama. Ningelivunja ningefukuzwa siku ileile, na mama yangu kule nyumbani anakula kwa hili geti. Nilidhani tutawahi kuzunguka."

"Hatukuwahi."

"Hatukuwahi, fundi."

Mbuzi mmoja akapita getini kwa madaha kama mkaguzi.

"Mama mkwe amenituma," nikasema. "Ijumaa meneja anahesabu vichwa. Tunataka wa nne. Geti siku hizi halifungwi mchana, kwa hiyo utalala sebuleni nikiwa kazini, usiku wewe uko huku. Hatutaonana sana."

"Hilo litakuwa zuri kwetu sote," akasema, karibu acheke, akajizuia. "Lakini fundi, umenisamehe?"

"Sikuja kusamehe. Nimekuja kuhesabu."

Akaikota kofia, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka. "Basi nihesabuni," akasema.

Ijumaa walikuja, meneja mbele na harufu yake ya sabuni, karani nyuma na chaki. Tulikuwa tumesimama sebuleni: mimi, binti, mama mkwe, na Kufuli amebana ukutani kana kwamba anataka kupita upande wa pili. Begi lake dogo lilikuwa chini ya dirisha. Kiti cha kushonea tulikuwa tumekiacha mahali pake, hakuna aliyekikaribia.

Karani akahesabu kwa kidole. "Wanne, bosi."

"Wewe mlinzi unaishi hapa? Tangu lini?"

Kufuli akafungua mdomo. Mama mkwe akamwahi. "Tangu alipoanza kula kwangu. Unataka nikuoneshe na sahani yake? Haijaoshwa."

Meneja akacheka. Nadhani alikuwa na safari, maana alitazama saa. "Basi, utaratibu unaruhusu. Nne ni nne. Andika."

Karani akaifuta tatu kwa kiganja, akapuliza, akaandika nne. Mkono uleule, mkia uleule wa kupinda kidogo. Nilitoka nje kuitazama. Ilikuwa ileile. Mtu akipita asingejua kwamba iliwahi kufutwa.

"Umeona, fundi?" meneja akanigonga bega. "Mambo hujipanga yenyewe."

"Hii nne siyo ile," nikamwambia.

"Nne ni nne, fundi," akasema, akaenda zake.

Nilikuwa nimeshinda. Binti alikuwa amemkumbatia bibi yake, na mimi nimesimama chini ya mlango wangu natamani kuifuta ile chaki kwa ulimi. Ukibadilisha kigae, hata kiwe cha kiwanda kilekile, rangi haifanani kabisa na wenzake. Mwenye jicho ataona siku zote kwamba hapa pana kilichoondoka. Lakini namba haina rangi. Ilipokuwa tatu, angalau kila aliyepita alisoma kwamba mke wangu alikuwepo. Tulibaki pamoja, na malipo yake yakawa kulifuta pengo lake kwa mikono yetu wenyewe, wao wakaondoka wakijiona ni watu wema.

Kufuli anakaa kwetu mpaka leo. Analala mchana, anakunja godoro, anachota maji bila kuambiwa. Kwenye kile kiti hajawahi kukaa. Mara moja tu alikiinua ili binti apige deki, na nilimuona jinsi alivyokinyanyua: kwa mikono yote miwili, taratibu, kama kina mtu.

Jumapili moja alikuwa na mapumziko. Binti akamwita sakafuni, akamweleza sheria, akampangia vifungo vitatu vya mstari mmoja. Mimi nilikuwa mlangoni nanoa patasi. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage.

Kufuli akakuna kichwa. "Huyu wa mwisho ana jirani mmoja. Huyu basi tena, marehemu." Akanyoosha vidole vyake vinene, akakitoa.

"Rudisha," nikasema. "Usiondoe bado. Hesabu wote kwanza, halafu ndipo uguse."

Mkono wa mama mkwe ukasimama juu ya maharage. Binti akainua uso kunitazama. Maneno yalikuwa ya mke wangu, mpaka ule mvuto wa sauti wa mwisho, kana kwamba mtu ameyasema akiwa amekaa kwenye kile kiti na mimi nimefungua mdomo tu.

Kufuli akakirudisha kifungo mahali pake. "Haya, fundi. Nianze na nani?"

Nikainuka nikatoka, nikasimama kizingitini chini ya ile nne nikijifanya natafuta viatu, na viatu nimevivaa. Kisha nikamsikia binti yangu, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto mdogo:

"Anza na yeyote, mjomba. Unamhesabu tu. Humgusi."